Mwongozo wa Kusoma Chuo Mwanza Ukitokea Nyumbani kwa Wazazi

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wadogo zangu na wenzao hunijia na maswali yale yale. Nauli ya mwezi itafika kiasi gani? Niamke saa ngapi? Nikichelewa kurudi nitamwambia nini Baba? Nilisoma miaka mitatu nikitokea nyumbani, juu kwenye mawe ya Mabatini, nikienda chuoni upande wa Nyegezi na kurudi karibu kila siku, na kwa kuwa nimechoka kujibu kwa vipande vipande, nimeona niandike mara moja kwa mpangilio. Mwongozo huu ni wa yule ambaye ameshaamua kukaa nyumbani, au ameamuliwa. Ubishi wa hosteli na geto, yaani chumba cha kupanga, sitauingia hapa.

Jambo moja nilitamke mapema, kwa sababu hatua nyingi hapa chini zinalitegemea. Wanaoanza hudhani kwamba shida yao itakuwa barabara. Barabara ina usumbufu wake, lakini ina kawaida zake pia, na baada ya wiki tatu utakuwa umezijua. Kinachowayumbisha wengi ni nyumba yenyewe: wazazi hawaijui ratiba yako, wewe hujui wanachokitarajia kwako, na kila upande unanung'unika moyoni mpaka siku ya testi ndipo maneno yanapotoka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ratiba ya masomo ya muhula mzima, nakala mbili zilizochapishwa. Moja ni yako, na ya pili nitaeleza kazi yake katika hatua ya tatu.
- Daftari dogo na kalamu, kwa ajili ya kuandika saa na nauli katika wiki ya kwanza.
- Pochi ya pembeni ya sarafu na noti ndogo. Noti ya Sh 10,000 kwenye daladala ya saa kumi na mbili asubuhi ni ugomvi unaoutafuta mwenyewe.
- Begi linalozuia maji, pamoja na bahasha ngumu ya plastiki yenye kifungo kwa ajili ya karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usitegemee kukimbilia dukani kuomba mfuko mvua ikianza.
- Mwavuli mdogo, tochi, chupa ya maji na pawa benki.
- Namba tatu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi: ya nyumbani, ya kiongozi wa darasa, na ya dereva wa bodaboda wa mtaani kwenu ambaye wazazi wako wanamfahamu.
- Sanduku au kabati lenye kofuli, hata kama unalala chumba kimoja na wadogo zako. Hasa kama unalala nao.

Hatua ya 1: Pima safari yako yenyewe, tena siku ya kazi

Wiki moja kabla ya masomo kuanza, amka Jumatatu kana kwamba una kipindi saa moja kamili, uende hadi mlango wa darasa. Andika saa nne tofauti: ulipotoka mlangoni, ulipofika kituoni, gari lilipoondoka, na ulipofika darasani. Utashangaa kuona kwamba muda mwingi unapotea kabla gari halijaondoka, ama kwa kushuka mlima hadi barabarani, ama kwa kusubiri gari lijae. Rudia zoezi hilo jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja usiku, kwa sababu safari ya kurudi ina tabia zake.

Ukitaka kuielewa safari yako, anza na ramani ya mji wetu. Mwanza ina barabara kuu tatu zinazokutana mjini kama vidole: ya Kenyatta inayokwenda kusini kupitia Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani hadi Buhongwa, ya Nyerere inayokwenda mashariki kupitia Mabatini, Nyakato na Igoma kuelekea Kisesa, na ya Makongoro inayokwenda kaskazini kupitia Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Ikiwa nyumba yenu na chuo chako viko kwenye kidole kimoja, kama vile unatoka Buhongwa kwenda Malimbe, upande wa Nyegezi, una bahati. Ikiwa viko kwenye vidole viwili tofauti, hesabu kwamba utapita mjini na pengine utabadilisha gari, na hapo ndipo dakika ishirini na zaidi humezwa. Anayetoka Igoma aulizie pia njia ya kuzungukia Kishiri hadi Buhongwa, ambayo haifiki mjini kabisa. Anayesoma Bugando ana mtihani wa pekee, maana daladala inaweza kumfikisha haraka lakini mlima wenyewe unabaki wake.

Wanaotokea ng'ambo, upande wa Sengerema, mambo yao yamebadilika tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi, lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani foleni ya kivuko pale ilikuwa inaweza kukula asubuhi nzima. Anayetumia kivuko cha Kamanga ajue kwamba ratiba yake ya masomo sasa ni ratiba ya kivuko, na apange kupanda cha kabla ya kile anachodhani kinamtosha.

*Angalizo.* Usipime safari Jumapili, wala usitumie makadirio ya mtu mwenye pikipiki. Kumbuka vilevile kwamba jua la Mwanza huchelewa kuchomoza kuliko la Dar es Salaam kwa takriban dakika ishirini na tano. Mwezi wa Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado kuna giza giza, na hiyo tochi niliyoitaja utaitumia kushukia ngazi za mawe.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya nauli, kisha itenge kwanza

Nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kulingana na umbali wa njia, na ubavuni mwa gari huandikwa inakoanzia na inakoishia. Ile nauli nafuu ya wanafunzi ni ya watoto wa shule. Konda hatakutambua kwa kitambulisho cha chuo, na kubishana naye kila asubuhi kunachosha kuliko mhadhara wenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, gari moja ni Sh 600 na unapanda mawili kwenda na mawili kurudi. Hiyo ni Sh 2,400 kwa siku, Sh 12,000 kwa wiki ya siku tano, na Sh 48,000 kwa wiki nne. Ongeza fungu la bodaboda kwa siku za mvua na siku za kuchelewa. Mimi nilikuwa naweka robo ya nauli ya mwezi, na mara nyingi ilitosha.

Kama unapata mkopo wa Bodi ya Mikopo, fahamu kwamba bumu, yaani fedha za kujikimu, huja kwa mafungu, ilhali nauli inadaiwa kila siku. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 fedha za chakula na malazi zilipanda kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku, na anayekaa nyumbani hujiona tajiri siku fedha zinapoingia kwa kuwa halipi pango. Siku hiyo hiyo, kabla hujanunua chochote, hamisha nauli ya kipindi chote kwenye laini nyingine ya simu au akaunti ambayo huigusi. Kisha toa kitu nyumbani. Hata kama ni mfuko wa mchele na lita tano za mafuta, mkabidhi Mama mkononi, maana kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayekula nyumbani na mtu mzima anayekula nyumbani.

Hatua ya 3: Kaa na wazazi kabla muhula haujaanza

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo iliyonigharimu mimi.

Chagua jioni ambayo Baba hana haraka na Mama amemaliza shughuli za jikoni. Usianze kwa kudai. Anza kwa kuwashukuru kwamba wanakuhifadhi, kisha waoneshe ile nakala ya pili ya ratiba na uwaeleze siku moja baada ya nyingine, kwa sababu ratiba ya chuo haifanani na ya shule waliyoizoea. Kwa mzazi, mwanafunzi ambaye Jumatano saa nne asubuhi bado yuko nyumbani ni mtu asiye na kazi, na haoni sababu ya kutokumtuma sokoni. Hajui kwamba siku hiyo kipindi chako kinaanza saa nane mchana na kinaisha saa moja usiku, wala kwamba asubuhi hiyo ndiyo uliyotegemea kumalizia kazi ya kukusanya. Ukimweleza kwa karatasi ataelewa. Ukimweleza wakati ameshakutuma, ataona ni kiburi.

Mkubaliane mambo manne, na myaseme kwa sauti.

Kwanza, kazi zako za nyumbani ni zipi na za siku zipi. Usiombe kuachiwa zote. Sema, "Mama, maji ya alfajiri na kufua Jumamosi niachieni mimi, lakini Jumanne na Alhamisi naomba mdogo wangu anishikie." Kazi chache zinazojulikana ni nyepesi kuliko "njoo mara moja" kumi.

Pili, saa ya kurudi. Omba saa mbili tofauti: moja ya siku za kawaida, na nyingine ya siku zenye vipindi vya jioni au kazi za kikundi. Mwanafunzi wa kike mara nyingi hubanwa zaidi hapa kuliko kaka yake, na sioni haki yake, lakini nimeona ratiba yenye saa zilizoandikwa ikilegeza kamba ambayo maneno matupu hayakuilegeza.

Tatu, mahali na muda wa kusomea usiku. Kama sebule ina televisheni, na taarifa ya habari ya saa mbili haikosi, basi omba meza ya jikoni kuanzia saa tatu.

Nne, wageni. Nyumba ya Mwanza haikosi mgeni, kwa sababu Hospitali ya Bugando inapokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Ziwa nzima. Shangazi atatoka Magu na babu atatoka Kwimba kuja kliniki, na chumba kitakachotolewa ni chako. Hilo halina ubishi wala halipaswi kuwa nao. Omba tu kwamba ukitakiwa kuhama chumba uambiwe siku moja kabla, ili utoe vitabu vyako.

Mkishakubaliana, bandika ratiba ukutani mahali ambapo kila mtu hupita. Yangu ilikaa pembeni ya kalenda ya kanisa, na baada ya mwezi mmoja Mama ndiye aliyekuwa ananikumbusha mimi.

*Angalizo.* Muhula wangu wa kwanza sikufanya hivi. Usiku mmoja kazi ya kikundi ilichelewa, simu ikazima chaji, na magari ya kutoka mjini yakawa ya kugombania. Nilifika chini ya mlima wetu karibu saa nne usiku. Katikati ya ngazi, pale penye jiwe kubwa ambalo watoto hutelezea, niliona mwanga wa tochi umeelekezwa chini. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, koti begani, viatu amevaa bila soksi. Nilimwamkia, akaitikia, akainuka, akatangulia kupanda akinimulikia njia bila kuongeza neno. Hakunigombeza hata kesho yake, na ningependa kama angenigombeza.

Hatua ya 4: Panga kutwa nzima, siyo vipindi peke yake

Anayekaa hosteli akiwa na nafasi ya saa tatu kati ya kipindi na kipindi anarudi chumbani. Wewe huwezi, na ukijaribu utamaliza nauli na nguvu. Kwa hiyo kila nafasi iliyopo kwenye ratiba yako ipangie kazi tangu Jumapili: hii ni ya maktaba, hii ni ya kupitia somo na wenzangu kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje ya chuo, hii ni ya kula na kupumzika. Lengo ni kwamba kazi zinazohitaji utulivu ziishie chuoni, na nyumbani ubaki na zile nyepesi. Usitegemee kusoma ndani ya gari. Ukipata kiti, sikiliza somo ulilolirekodi au lala, maana usingizi wa dakika thelathini kwenye daladala ni halali kabisa ilimradi begi liwe mapajani na kamba yake mkononi.

Kama siku fulani ina kipindi kimoja tu cha muda wa saa moja, usikikwepe kwa kisingizio cha nauli. Nimeona watu wakianza kwa kuruka kimoja na kuishia kwenye mitihani ya marudio.

Hatua ya 5: Beba chakula

Kula kwa mama lishe kila siku kunaweza kuzidi nauli. Omba jikoni kiporo cha jana au pika mwenyewe usiku: viazi vitamu, wali, maharage. Sisi wa huku tuna akiba nyingine ambayo haihitaji kupashwa moto, nayo ni matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikaanikwa vikakauka. Kiganja kimoja na maji ya kunywa kinakuvusha hadi jioni. Dagaa wa kukaanga ni wazuri, ila uwafunge vizuri sana. Harufu yao ikishaingia kwenye begi, darasa zima litajua mlichokula.

Hatua ya 6: Jiunge mapema na kikundi, na tafuta mahali pa kulala pa dharura

Makundi ya kazi hupangwa haraka, mara nyingi jioni baada ya kipindi, wakati wewe unakimbilia gari. Wiki ya kwanza mwambie kiongozi wa darasa kwamba unatokea nyumbani, na uwaombe wenzako mkutane mchana. Ili wasikuone mzigo, chukua sehemu ya kazi inayoweza kufanyika ukiwa peke yako, kama kuandika na kupanga ripoti.

Tafuta pia rafiki mmoja wa jinsia yako mwenye geto karibu na chuo, ambaye unaweza kulala kwake usiku mmoja mmoja wakati wa mitihani. Mlete nyumbani kwanza, ale chakula, wazazi wamwone na wachukue namba yake. Ruhusa inayoombwa kwa jina la mtu aliyekwisha kula mezani kwenu hutolewa kwa urahisi zaidi.

Hatua ya 7: Rudi kwa mpango

Jua gari la mwisho unaloweza kulitegemea kwenye njia yako, kisha lihesabu kama halipo na ulenge la kabla yake. Ukitoka, tuma ujumbe mfupi nyumbani: "Natoka sasa." Ukichukua bodaboda usiku, chukua ya kijiweni badala ya inayozurura, patana bei kabla hujapanda, na vaa kofia ngumu.

Mambo yakiharibika

*Magari ya asubuhi yanapita yamejaa.* Panda linalokwenda upande wa pili hadi linakogeuzia, ugeuze nalo ukiwa umekaa. Utalipa nauli mara mbili, kwa hiyo iwe njia ya siku za testi tu.

*Konda anakatisha ruti.* Dai nauli yako iliyobaki kabla hujashuka, pamoja na abiria wengine, maana ukishakanyaga chini huna tena sauti. Andika namba ya gari. Malalamiko ya namna hiyo hupokelewa LATRA.

*Mvua kubwa imenyesha alfajiri.* Msimu wa masika, Machi hadi Mei, na ule wa vuli, Oktoba hadi Desemba, toka nusu saa mapema. Maji yakiwa mengi maeneo ya Mto Mirongo, usivuke kwa miguu. Mtumie kiongozi wa darasa ujumbe na usubiri yapungue. Karatasi zikilowa, zitenganishe moja moja uzianike kivulini. Mimi nilizirundika pamoja juani nikapata tofali.

*Wazazi wamesahau makubaliano.* Usiwakumbushe mbele ya wageni au wadogo zako. Fanya kazi uliyotumwa siku hiyo, kisha jioni rudi kwenye ile karatasi ya ukutani na kuuliza kama kuna haja ya kubadilisha kitu. Baba akiwa mgumu, pitia kwa shangazi au baba mdogo anayemsikiliza.

*Nauli imeisha kabla ya mwezi.* Sema mapema, ukiwa na daftari lako la hesabu mkononi. Mzazi aliyeoneshwa nauli ilikokwenda huuliza maswali machache kuliko anayeombwa tu.

*Unasinzia darasani kila siku.* Hesabu saa unazolala. Kama ni chini ya sita, ondoa kitu usiku, na mara nyingi kitu hicho ni simu. Kama umeondoa simu na bado, rudi hatua ya tatu ujadili maji ya alfajiri: pengine mdogo wako ameshafikia umri wa kubeba ndoo.